Vijana wa Kiojibwe na Shule ya Babeli

Tunapowasimulia watoto wetu habari za Danieli na wenzake watatu, huwa tunakimbilia tanuru la moto na tundu la simba. Hizo ndizo sehemu wanazozipenda, na ndizo tunazozichora ukutani katika madarasa ya Shule ya Jumapili. Lakini kitabu cha Danieli hakianzii kwenye tanuru. Kinaanzia shuleni. Mfalme aliyeishinda Yerusalemu aliagiza waletwe vijana wa jamaa bora, wafundishwe lugha ya Wakaldayo, walishwe chakula cha mezani kwake, na wapewe majina mapya. Hanania akaitwa Shadraka, Mishaeli akaitwa Meshaki, Azaria akaitwa Abednego, na Danieli mwenyewe akaitwa Belteshaza. Babeli ilijua kwamba mwenye kutaka kulimaliza taifa hana haja ya kuwaua watu wake wote. Huwachukua watoto, huwabadilisha majina, na huwafundisha kuona haya kwa sababu ya nyumbani kwao.

Insha hii inahusu vijana wengine waliopelekwa katika shule ya namna hiyo. Ni vijana wa Waojibwe, taifa mojawapo la wenyeji wa asili wa Marekani ya Kaskazini. Tofauti kati yao na Danieli ndiyo inayotuuma: shule nyingi walizopelekwa hazikuwa za mfalme mpagani. Zilikuwa na msalaba juu ya paa, zikiendeshwa na makanisa ambayo majina yake tunayafahamu, kwa kuwa ni ndugu wa makanisa yetu wenyewe: Wakatoliki, Waanglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti.

Tunaisimulia historia hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, Kanisa ni mwili mmoja, na mwili hauwezi kuukana mkono wake uliokosea. Ya pili, safari ya vijana wa Kiojibwe inatufundisha jambo juu ya huzuni nzito ya moyo, na juu ya namna kijana anavyoweza kusimama tena. Nasi katika sharika zetu tunao vijana wenye huzuni hiyo, wanaoketi viti vya nyuma, na mara nyingi tumewajibu haraka mno.

Watu wa maziwa

Waojibwe hujiita Anishinaabe. Nchi yao ni ukanda wa maziwa makuu ya Marekani ya Kaskazini, hasa pande zote za Ziwa Superior: Minnesota, Wisconsin na Michigan upande wa Marekani, Ontario na Manitoba upande wa Kanada. Wazee wao husimulia kwamba mababu walitoka pwani ya mashariki, wakaagizwa wasafiri kuelekea machweo mpaka wafike mahali ambapo chakula huota juu ya maji. Walipoukuta mpunga pori umeota katika maziwa yenye kina kifupi, wakajua wamefika. Wanauita manoomin. Hata leo, mwisho wa kiangazi, huingia ziwani kwa mitumbwi, mmoja akisukuma kwa upondo na mwingine akiyapiga masuke kwa vijiti viwili ili punje ziangukie ndani. Nyingine huanguka majini, na hizo huwa mbegu za mwaka unaofuata.

Mtoto wa Kiojibwe alizaliwa ndani ya ukoo wenye alama ya mnyama, ndege au samaki. Mzee alimpa jina. Usiku mrefu wa majira ya baridi alikaa karibu na moto akisikiliza masimulizi ya bibi na babu. Shabaha ya malezi yote iliitwa mino-bimaadiziwin, yaani maisha mema: kuishi vizuri na watu, na viumbe, na Muumba. Alipofikia umri wa kubalehe, kijana alitoka akafunga na kukaa peke yake akitafuta maono ya kumwongoza maishani, lakini wazee ndio waliomwandaa, na ndio waliomngoja arudi. Hakuna aliyetarajia kwamba angeuvuka umri ule mgumu bila mtu.

Katika karne ya 19 serikali ya Marekani ilifanya mikataba mingi na Waojibwe, ikachukua misitu ya misonobari na ardhi yenye shaba. Mwaka 1850 maofisa walihamisha mahali pa kulipia fedha na vyakula vya mkataba kutoka La Pointe, kwenye Ziwa Superior, wakapapeleka Sandy Lake, mbali upande wa magharibi, kwa nia ya kuwafanya watu wahame kabisa. Maelfu walikwenda. Walingoja kwa wiki nyingi, baridi ikaanza, malipo yakachelewa, na chakula walichopewa kilikuwa kimeharibika. Wapatao 400 walikufa kwa maradhi, njaa na baridi, wengine pale pale na wengine njiani wakirudi kwao. Miaka michache baadaye Waojibwe wengi walibaki na vipande tu vya nchi yao ya zamani, maeneo waliyotengewa na serikali. Baada ya ardhi kuchukuliwa, walichobaki nacho ni watoto. Na watoto nao wakafuatwa.

Shule zenye msalaba

Mwaka 1879 ilifunguliwa shule ya bweni ya Carlisle huko Pennsylvania, chini ya ofisa wa jeshi aitwaye Richard Henry Pratt. Yeye aliamini kwamba utu wa asili wa mtoto sharti uuawe ndani yake ndipo mtu aokolewe. Shule za namna hiyo zikaenea Marekani yote, nyingine za serikali, nyingine za makanisa. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliokamilika mwaka 2024 ulihesabu shule 417 zilizoendeshwa au kusaidiwa na serikali, na ukathibitisha vifo vya watoto 973 waliokuwa wanafunzi humo. Kanada nayo ilifuata njia hiyo hiyo kwa zaidi ya karne moja. Watoto wapatao 150,000 wa mataifa ya asili, Waojibwe wakiwa miongoni mwao, walipita katika shule zake za bweni. Serikali ilitoa fedha, makanisa yakasimamia. Ya mwisho ilifungwa katika miaka ya 1990.

Mtoto alipofika, nywele zake ndefu zilikatwa. Nguo za nyumbani zilichukuliwa. Alipewa jina jipya, na katika shule nyingi alipewa na namba. Akisikika anasema Kiojibwe, aliadhibiwa. Kaka na dada walitenganishwa mabweni. Wengi walipigwa, na baadhi walitendewa uovu wa kimwili ambao mtoto hapaswi hata kuusikia. Asubuhi na jioni walipigishwa magoti wasali.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba walikuwamo walimu waliowapenda watoto, na wapo wazazi waliowapeleka wana wao wenyewe kwa sababu nyumbani hapakuwa na chakula. Mwanahistoria Brenda Child, ambaye mwenyewe ni Mojibwe wa Red Lake, alizisoma barua za zamani zilizoandikwa kati ya familia na shule hizo. Humo tunawakuta mama na baba wakiomba mtoto aruhusiwe kuja kuzika ndugu yake, au wakiuliza hali ya binti mgonjwa, na mara nyingi wakinyimwa. Mtu akisoma habari za barua zile hawezi tena kusema kwamba watu hawa hawakujali watoto wao. Walijali, ila mamlaka juu ya watoto hayakuwa mikononi mwao.

Tumtaje mtoto mmoja. Chanie Wenjack alizaliwa mwaka 1954 huko Ogoki Post, kaskazini mwa Ontario. Akiwa na miaka 9 alipelekwa katika bweni la Cecilia Jeffrey karibu na mji wa Kenora, lililosimamiwa na Kanisa la Presbiteri. Huko walimwita Charlie. Tarehe 16 Oktoba 1966, akiwa na miaka 12, alitoroka pamoja na wavulana wawili ndugu. Wale wawili walikuwa na mjomba wao upande ule, wakafika kwake. Chanie hakuwa na mtu pale. Alitaka kumwona baba yake, na kwao kulikuwa mbali, yapata kilomita 600. Akaendelea peke yake akiifuata reli, amevaa koti jepesi, mvua na theluji vikimpiga. Tarehe 23 watu wa garimoshi waliuona mwili wake kando ya reli.

Baraza la wananchi waliochunguza kifo hicho walisema jambo ambalo Kanisa lilipaswa kulisema mapema zaidi: kwamba mfumo huo wa elimu unawaletea watoto matatizo makubwa ya moyo na ya kuishi na watu. Wakauliza kama falsafa yake ni sahihi hata kidogo. Kilichomuua Chanie ni baridi. Lakini kilichomtoa bwenini na kumtia njiani ni upweke, ambao haukuandikwa katika cheti chochote.

Jeraha linalorithiwa

Manabii Yeremia na Ezekieli waliikuta katika Israeli mithali juu ya wazazi waliokula zabibu mbichi na meno ya watoto wao yakaingia ganzi. Waliikemea, kwa sababu watu walikuwa wanaitumia kumlaumu Mungu na kukaa bila kutubu. Hata hivyo mithali ile ilitoka katika jambo watu waliloliona kwa macho. Dhambi iliyotendwa juu ya kizazi kimoja huacha maumivu katika kizazi cha pili na cha tatu.

Kwa Waojibwe maumivu hayo yalipita njia ya kawaida kabisa. Mtoto aliyelelewa bwenini bila kukumbatiwa alikua, akaoa au akaolewa, akapata watoto, na hakujua namna ya kuwakumbatia. Aliyepigwa kwa sababu ya lugha yake hakuthubutu kuwafundisha wanawe lugha hiyo, akidhani anawakinga. Aliyetendewa uovu akanyamaza, na wengine wakazika kumbukumbu zao katika pombe. Mjukuu akazaliwa katika nyumba yenye ukimya, asijue ukimya ule umetoka wapi, akadhani kasoro ni yake.

Ndiyo maana kwa miaka mingi takwimu za afya za Kanada na Marekani zimeonyesha kwamba vijana wa mataifa ya asili hujiua kwa kiwango cha juu kuliko vijana wengine wa nchi hizo. Mtafiti Les Whitbeck na wenzake, wakishirikiana na jamii za wenyeji za ukanda wa maziwa, waliwauliza watoto wa miaka 11 hadi 13 kama huwaza juu ya mambo yaliyopotea: ardhi, lugha, desturi, heshima kwa wazee. Mtu angedhani mtoto wa umri huo huwaza michezo tu. Wengi wao walikuwa wakiyawaza mambo hayo mara kwa mara, na mawazo hayo yaliandamana na huzuni ya moyo. Watoto walikuwa wanaomboleza msiba ambao hakuna aliyewaambia kuwa umetokea.

Hapa tunajifunza jambo la kwanza. Huzuni ya kijana huwa na historia. Tunapomwona amenyamaza, hataki kula, hataki shule, swali tunalolikimbilia ni hili: ana dhambi gani? Au: imani yake imepungukiwa wapi? Historia ya Waojibwe inatufundisha kuuliza kwanza: amepoteza nini? Ni nini kilikatwa katika maisha yake, au katika maisha ya wazazi wake, ambacho hakuna aliyemsaidia kukililia?

Kilichowashikilia

Tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu tu, na tutakuwa tumewadhulumu. Waojibwe hawakumalizika. Walio wengi wa vijana wao wanasoma, wanafanya kazi, wanalea, wanacheka. Inafaa tuulize kilichowashikilia ni nini.

Kwanza kulikuwa na nyimbo. Mwanzoni mwa karne ya 19 alizaliwa Kahkewaquonaby, aliyejulikana pia kama Peter Jones, Mojibwe aliyekuwa mchungaji wa Kimethodisti, naye akazitafsiri tenzi kwa Kiojibwe. Tenzi hizo zikasafiri mpaka Minnesota. Huko White Earth, eneo lililotengwa mwaka 1867, watu waliokuwa wamepoteza ardhi na jamaa walianza kukusanyika katika vikundi vya waimbaji. Waliwaendea wagonjwa na wafiwa, wakaimba polepole usiku kucha kwa lugha yao, bila kinanda. Mahali ambapo shule zilikataza lugha ile, matanga yaliitunza. Zaburi ya 137 inatukumbusha mateka wa Babeli walioshindwa kuziimba nyimbo za Sayuni katika nchi ya ugeni. Waojibwe walifanya jambo la ajabu: waliupokea wimbo wa wageni, wakaufanya kuwa kilio chao wenyewe mbele za Mungu, nao ukawabeba.

Aliyewaongoza wengi wao alikuwa Enmegahbowh, kasisi wa kwanza wa Kanisa la Episkopo la Marekani kutoka mataifa ya asili, aliyepata ukasisi mwaka 1867. Alibatizwa kwa jina la John Johnson, lakini Kanisa lake linamkumbuka kwa jina lake la nyumbani, ambalo maana yake ni yule anayesimama mbele ya watu wake. Kumbukumbu za Kanisa hilo zinasimulia kwamba aliwahi kukata tamaa, akapanda chombo ili arudi kwao, dhoruba ikawakuta katika Ziwa Superior, naye akamwaza Yona, akageuka. Wakati wa vita vya mwaka 1862 alikimbia na familia yake, na watoto wake wawili wakafa. Hakuna anayeweza kusema mtu huyu hakujua huzuni. Alifariki White Earth mwaka 1902, akiwa bado kati ya watu wake.

Pili kulikuwa na gauni la njuga. Homa kali ya mafua ilipoikumba dunia mwaka 1918 na 1919, masimulizi ya Waojibwe yanasema baba mmoja alikuwa na binti mgonjwa sana. Akaona katika maono gauni lililoshonewa vipande vya bati, na namna ya kulichezea. Likashonwa, binti akavishwa, akaanza kucheza taratibu huku bati zikilia kama mvua, na afya yake ikarudi. Jamii zaidi ya moja, huko Minnesota na Ontario, zinaikumbuka habari hiyo kuwa ya kwao. Mwaka 1921 ofisi ya serikali ya Marekani iliyosimamia mambo ya wenyeji ilitoa waraka wa kuzizuia ngoma zao. Wanawake waliendelea. Leo wasichana wa Kiojibwe huvaa gauni hilo na kucheza kwa ajili ya wagonjwa.

Huenda baadhi yetu tutajiuliza Mkristo aitazameje ngoma kama hii. Hatuileti habari hii ili kuamua mjadala huo. Tunaileta kwa sababu ndani yake yupo binti mgonjwa ambaye jamii nzima ilimzunguka na kukataa kumwacha, kama nyumba ya Yairo ilivyomzunguka binti wa miaka kumi na miwili. Binti aliyepona hivyo huikumbuka siku zote thamani aliyonayo machoni pa watu wake.

Tatu, ilirudi lugha. Mwaka 1972 wazazi wa Minneapolis, wengi wao Waojibwe waliohamia mjini, walianzisha shule yao iliyoitwa Heart of the Earth, watoto wasome bila kudharauliwa. Mwanzoni mwa karne hii watu wa Lac Courte Oreilles huko Wisconsin walifungua Waadookodaading, yaani mahali ambapo watu husaidiana, shule inayofundisha hesabu na sayansi kwa Kiojibwe. Watoto hufundishwa pia mafundisho saba ya mababu: hekima, upendo, heshima, ujasiri, uaminifu, unyenyekevu na ukweli.

Utafiti umeyathibitisha yale ambayo mabibi waliyajua. Mwaka 2006 Teresa LaFromboise na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya vijana wa maeneo matatu ya wenyeji katika ukanda ule ule wa kaskazini ya kati ya Marekani. Walitaka kujua kwa nini baadhi yao waliendelea vizuri ingawa walikulia katika shida zile zile. Mambo matatu yalijitokeza: mama mwenye upendo na msaada, jamii ambayo kijana anaiona iko upande wake, na kuzama katika utamaduni wa watu wake. Mbali na hapo, upande wa pili wa bara, huko British Columbia, watafiti Michael Chandler na Christopher Lalonde walilinganisha jamii za mataifa mengine ya asili. Waligundua kwamba kujiua kwa vijana hakukuenea sawasawa. Jamii zilizokuwa zimerudisha mikononi mwao shule, afya na mambo ya utamaduni zilikuwa na vifo vichache sana, na baadhi hazikuwa na hata kimoja kwa miaka mitano iliyochunguzwa.

Basi jambo la pili tunalojifunza ni hili: ustahimilivu wa kijana haukai ndani yake peke yake kama misuli. Unakaa kati yake na watu wake. Tukirudi kwa Danieli tunaliona hilo. Vijana wale walikuwa wanne. Danieli alipoelemewa na amri ya mfalme, alikwenda nyumbani akawaambia wenzake ili waombe pamoja, na kitabu pale kinawataja kwa majina yao ya Kiebrania: Hanania, Mishaeli, Azaria. Babeli iliwapa majina mengine, lakini walipokaa wao kwa wao walijua wao ni nani.

Rundo la mawe

Makanisa yameanza kutubu, tena kwa kuchelewa. Mwaka 1986, mjini Sudbury, Ontario, Kanisa la Muungano la Kanada liliwaomba radhi wenyeji wa asili. Mwaka 1993 Askofu Mkuu wa Anglikana, Michael Peers, aliomba radhi huko Minaki, katika eneo lile lile la kaskazini-magharibi mwa Ontario alikofia Chanie. Wapresbiteri waliungama mwaka 1994. Serikali ya Kanada ilifuata mwaka 2008, na Papa Fransisko aliomba radhi akiwa katika ardhi ya Kanada mwaka 2022. Rais wa Marekani aliomba radhi mwaka 2024. Katikati ya miaka hiyo Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, chini ya jaji Murray Sinclair, ambaye alikuwa Mojibwe wa Manitoba, iliwasikiliza mashahidi zaidi ya 6,000. Mwaka 2015 ilitoa miito 94 ya kutendwa. Wazee waliokaa kimya miaka 50 walisema kwa mara ya kwanza, na wajukuu wao walikuwapo wakisikia. Wengi wa wajukuu hao ndipo walipoelewa ukimya wa nyumbani kwao.

Kule Sudbury wazee wa wenyeji walifanya jambo ambalo tunaomba kila msomaji alikumbuke. Walijenga rundo la mawe la ukumbusho, kama Yoshua alivyosimamisha mawe Gilgali. Lakini hawakulimaliza. Waliisikia toba, wakaiheshimu, na hawakusema mara moja kwamba wameikubali. Waliliacha rundo bila kukamilika, wangoje waone kama Kanisa litaishi yale liliyoyasema.

Nasi tuna mawe ya kuongeza katika rundo hilo, kila usharika mahali pake. Kijana anapotuambia kwamba maisha yamemshinda, tusimkatize kwa mstari wa Maandiko. Elia alipolala chini ya mti jangwani akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Maswali yalikuja baadaye. Tusiite kila huzuni pepo, wala tusimwambie mgonjwa wa moyo kwamba angekuwa na imani asingeugua. Tukiogopa kwamba kijana anafikiria kujiua, tumwulize waziwazi, kwa upole. Kumwuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Tusimwache peke yake siku hiyo. Tumsindikize kwa daktari au mshauri kama tunavyomsindikiza mwenye malaria, na tuendelee kumwombea tukiwa njiani na baada ya kurudi.

Halafu tuwarudishe wazee karibu na vijana. Katika sharika nyingi vijana wana ibada yao, akina mama wana siku yao, wazee wana benchi lao, na hakuna anayelijua jina la mwenzake. Tuwape akina bibi nafasi ya kusimulia walikopita, pamoja na yale yaliyowaumiza. Tuimbe pia kwa lugha za nyumbani. Na tujifunze majina ya vijana wetu, yale wanayoitwa na watu wanaowapenda. Chanie alikaa miaka mitatu katika bweni la Kanisa, na Kanisa halikulijua jina lake.

Ee Bwana, uliyewajua kwa majina watoto waliopewa namba, utusamehe sisi watu wa nyumba yako. Uwaponye Waojibwe na wana wao. Utufundishe kumngoja kijana anayetembea peke yake, na kumtokea njiani kabla ya baridi. Amina.